Kamba ya Mafundo Ishirini na Mawili

Chilolwa, Chamwino
Jumapili, 4 Juni 2023

Mpwa wangu Elieth,

Mbukwa, mwanangu. Ni mimi mjomba wako Methusela, kiziwi wa Chilolwa, ambaye hujamwandikia tangu Pasaka. Sisi tu wazima. Mama yako kifua kimemwachia, na mizabibu yake imepogolewa wiki iliyopita. Anaikagua asubuhi na jioni kama anayeuguza mtu. Uwele tumepata kidogo, mvua ilikatika mapema. Mbuzi wako mweupe amezaa mapacha, wote majike, kwa hiyo wewe huko India unazidi kutajirika.

Najua utauliza kwa nini situmi ujumbe wa simu. Simu kwangu ni saa ya kuangalia muda. Miaka thelathini na mmoja nimesimama kando ya kompresa ya kuchimbia visima, masikio yamebaki pambo, na ujumbe wa simu hauna nafasi ya salamu. Mtu gani anamwanza mjomba wake kwa "vp"? Sitaki.

Sasa neno lenyewe. Kisima chetu kinakauka. Unakijua, mita kumi na mbili, babu yako alikichimba kwa sururu. Mwaka huu Mei tu, tayari ndoo inagonga mchanga. Ernest wa Kizota, yule mwenye mtambo wa kuchimba, atapita hapa Septemba akielekea Kongwa, na ametupa siku moja. Moja tu. Kijiji kinauliza: atoboe humohumo kisimani aendelee chini, au tukiache kama kilivyo?

Mwaka 1986 msimamizi wangu, marehemu Bartolomayo, alichimba tundu la majaribio hatua arobaini kutoka kisimani. Siku ya mwisho mimi nililala na malaria. Niliporudi tundu limefukiwa, na mzee hakusema sababu. Mtu yule alikuwa na maneno kumi kwa mwezi. Alichoacha ni kamba hii ninayokutumia. Kuanzia mita ya kumi na tatu, kila mita alifunga kifuko cha nailoni chenye udongo uliotoka hapo. Mafundo ishirini na mawili. Nimeitunza juu ya mlango miaka yote hii. Ule uzi mwekundu kwenye ncha moja usiufungue, ndio unaoshika kamba isifumuke.

Wewe ndiye unayesomea udongo. Nimewaambia kamati ya maji: tunaye mtaalamu wetu, mtoto wa dada yangu Loisi. Usiniaibishe.

Mjomba wako,
Methusela

*

India, 16 Julai 2023

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo na mama. Kamba imefika jana, posta walinihoji nusu saa wakidhani ni dawa za kienyeji. Mimi mzima, ila mvua ya huku ni balaa: wiki mbili nguo hazikauki, viatu vimeota ukungu. Nikiwaza nyumbani mnavyolisubiri wingu moja, naona Mungu naye ana utani. Ninakaa na Anyitike, dada wa Tukuyu, anapika ndizi za hapa kila siku na kila siku analalamika kwamba si ndizi.

Ulitaka kujua ninachosomea hasa. Ni mashapo, mjomba: mchanga na matope yaliyoletwa na maji yakalala tabaka juu ya tabaka mpaka yakawa mwamba. Huku kuna mabonde ya kale ajabu. Ardhi ilikuwa inazama polepole, mito ikilijaza shimo lile, ardhi ikizama tena. Chini kabisa unakuta mawe yaliyoachwa na barafu, juu yake makaa ya mawe ya misitu iliyooza, juu yake tena mchanga mwekundu wa nchi iliyokauka. Miaka milioni mia tatu mpaka hapo, na wakati ule India na sisi tulikuwa bara moja. Makaa yanayochimbwa hapa ni ndugu wa makaa ya kule kwetu kusini. Profesa alipoonyesha ramani nilisema kwa sauti, "Kumbe sijatoka nyumbani!" Darasa zima lilicheka.

Sasa kamba. Nimeifungua fundo kwa fundo, nimetazama kwa kioo cha kukuzia. Pale kwetu palikuwa na ziwa zamani. Juu kuna mita tisa za mchanga wenye chembe nyeupe. Hiyo ni chokaa ya kawaida ya nchi kavu, isiwatie hofu. Kisha mita nane za udongo wa mfinyanzi wa kijani, mzito, hapo ziwa lilikuwa limetulia. Na chini yake, mjomba, mita tano za mchanga mnene, safi, wa mtoni. Hapo ndipo maji yalipo. Yamefunikwa na mfinyanzi kama chungu kwa mfuniko.

Mwambieni Ernest atoboe mfinyanzi wote mpaka mita thelathini na nne. Nina uhakika.

Nimefurahi sana kuulizwa. Nilifikiri nyumbani mnaona nachezea mawe.

Mpwa wako,
Elieth

*

Chilolwa, 3 Septemba 2023

Mpwa wangu,

Marahaba, marahaba mara mbili. Barua imefika, na nimeisoma mbele ya mkutano wa kijiji kwa sauti yangu hii ambayo wanasema ni ya kupasua mabati. Nilipofika pale pa barafu walicheka, wakataka nirudie. Mzee mmoja akaandika kwenye ubao ili nione: huyu mtoto kasomea mawe au hadithi? Nikamjibu, nenda ukaulize mawe. Mama yako alikaa mbele. Alijifanya anaondoa miiba kwenye khanga, lakini machozi yalikuwa yanamtoka.

Ernest anakuja tarehe ishirini. Watu wamekubali kama ulivyosema, mita thelathini na nne. Zabibu za mavuno haya zimetoka tamu, nimekuwekea chache za kukausha.

Kuna sehemu ya barua yako nimeirudia mara nne. Lakini basi. Mimi darasa la saba, wewe shahada ya pili. Aliyetumwa shule asome, na aliyebaki akae kimya.

Mjomba

*

India, 15 Oktoba 2023

Mjomba, shikamoo.

Za huko? Barua yako imefika wiki iliyopita. Mvua zimekwisha na nguo zinakauka. Anyitike anawasalimu, anataka hizo zabibu.

Je, Ernest alikuja? Mlipata? Nimempigia mama mara tatu. Namuuliza maji, ananijibu "maji yapo," kisha ananiuliza kama nakula. Namuuliza mengi au kidogo, anasema "yapo, mwanangu, soma." Nikamwambia anipe picha ya watu kisimani, akasema simu yake haina nafasi. Ni kweli, au mnanificha jambo la kunifurahisha?

Mjomba, ni sehemu ipi uliyoirudia mara nne? Umeniacha nayo kichwani. Niandikie.

Elieth

*

Chilolwa, 3 Desemba 2023

Mpwa wangu,

Marahaba. Tu wazima kwa jumla. Mbuzi wako mmoja wa wale mapacha amekufa, mwingine anaendelea. Mvua za kwanza zimenyesha tarehe ishirini na nane, tumepanda uwele. Mama yako anakusalimu. Kanisani wamepaka rangi mpya, ya kijani, wengi hatuipendi.

Ernest alikuja. Alichimba siku nzima mpaka mita zile ulizosema. Kazi alifanya vizuri.

Nina swali dogo, la kujua tu. Chumvi ikiingia ardhini, huondoka? Katika hayo mabonde ya kale unayosoma, je, iliwahi kuondoka?

Una mtihani mwezi huu. Soma kwanza. Usijibu kabla ya mtihani.

Mjomba

*

India, 14 Januari 2024

Mjomba,

Shikamoo. Naomba unisamehe, salamu leo zitakuwa fupi.

Tulipomaliza mtihani tulipelekwa milimani, kusini mwa hapa, kuliko na miamba ya kale zaidi ya ile niliyokuambia. Kule ardhi ilikunjwa kama mkeka, sehemu nyingine tabaka zimepinduka kabisa, ya chini iko juu. Profesa akanisimamisha mbele ya ukuta wa mwamba, akasema nieleze. Nikaeleza vizuri sana: hapa mto, hapa ziwa, hapa nchi ilikauka. Akaniacha nimalize. Kisha akaniuliza swali la kwanza kabisa tunalofundishwa, la wiki ya kwanza: juu ni wapi? Akanionyesha nyufa za tope lililokauka miaka mabilioni iliyopita. Ufa wa tope huwa mpana juu na mwembamba chini. Zile nyufa zilikuwa pana chini. Nilikuwa nimeusoma mlima mzima kichwa chini.

Wenzangu walicheka. Mimi nilikaa chini. Nilikuwa nimekumbuka kamba, na barua yako ya chumvi nilikuwa nayo mfukoni.

Mjomba, sikukuuliza juu ni wapi. Nilianzia kwenye uzi mwekundu. Unajua kwa nini? Mama anapotunga shanga, ya kwanza huwa nyekundu, siku zote. Ndivyo alivyonifundisha nikiwa mdogo. Nikaona nyekundu, mkono ukaanzia hapo wenyewe. Kama mzee Bartolomayo alifunga uzi mwekundu mwisho, basi mchanga safi ni ule mlioukalia kila siku, mfinyanzi ndio ulioulinda, na zile chembe nyeupe za chini si chokaa. Ni chumvi ya ziwa lililokauka. Nami nimewaambia mtoboe mfuniko.

Niambie uzi ulikuwa wapi. Niambie maji yakoje. Mama hataki kusema, na nikimbana analia. Usinionee huruma, mjomba. Niambie.

Elieth

*

Chilolwa, 25 Februari 2024

Mpwa wangu Elieth,

Marahaba, mwanangu. Sote tunapumua.

Pale karakana Kizota, bomba la mwisho kushuka tulilipaka rangi nyekundu, ili mtu akiliona mkononi ajue ameshafika, asiongeze. Kwa Bartolomayo nyekundu ilikuwa mwisho wa kila kitu. Hata kitambulisho chake alikifunga uzi mwekundu alipostaafu. Ndiyo. Uzi ulikuwa chini.

Siku ya Ernest maji yalipanda mengi, watu wakapiga vigelegele, nikaviona midomoni mwao. Mama yako alikinga kikombe cha kwanza kwa heshima ya mtoto wake. Akanywa. Hakutema, alimeza, akanipa mimi kikombe. Nilipoonja nikajua. Maji ya chini yalikuwa yanasukuma kupanda, Ernest akamwaga saruji kuziba tundu, ikazama. Akamwaga tena. Jioni akafunga mtambo akaenda Kongwa, hana kosa. Ilipofika Oktoba kisima chote ni chumvi. Ng'ombe wanakunywa kwa shida. Watu wanafuata maji kijiji cha pili, saa mbili kwenda na kurudi. Mizabibu ilianza kuungua majani kwenye kingo, kisha ikaanza kufa mistari miwili miwili. Mama yako amebakiza kumi na minne. Mimi ndiye niliyewakataza wasikuambie mpaka umalize mtihani.

Sasa nikuambie langu. Uliniuliza nilirudia sehemu ipi mara nne. Ni pale ulipoandika kwamba juu kuna mchanga wenye chembe nyeupe. Elieth, mimi nimeshuka kisima kile kukisafisha mara nane. Mchanga wake hauna chembe nyeupe hata moja, ni mnene na safi. Nilijua hivyo barua yako ikiwa mkononi. Na tundu lililofukiwa mbiombio bila maneno, mchimbaji yeyote anajua maana yake. Nilikaa nayo siku sita. Nikasema moyoni, mtoto amepanda ndege, amesoma, ametumia kioo, mimi nitasimama mbele ya watu niseme kakosea? Nilikuonea fahari mno, nikaogopa kuiharibu. Neno moja tu lingetosha: uzi mwekundu ni chini. Sikuliandika.

Watu nimewaambia kamba niliituma bila maelezo, kosa ni langu. Sasa wanauliza kitu kimoja kila Jumapili, na nimewaahidi utatujibu: itachukua muda gani maji yarudi? Kama ni miaka mitatu watavumilia. Hata kama mitano.

Mjomba wako

*

India, 7 Aprili 2024

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Mpe mama shikamoo yangu, mwambie nimepiga magoti nikiandika hivi, ingawa najua atasema niinuke nisichafue nguo.

Barua yako nimekaa nayo wiki nzima. Nimekwenda maktaba, nimemsumbua Profesa mpaka nyumbani kwake. Nilikuwa natafuta mtu wa kuniambia miaka mitatu. Hayupo.

Uliuliza kama katika mabonde ya kale chumvi iliwahi kuondoka. Kuna mahali iliondoka. Ziliondoka chumvi na ziwa na milima iliyozunguka ziwa, na tarakimu za muda huo mimi ninazitaja darasani bila kupepesa macho. Milioni kumi, milioni thelathini, ni maneno tu. Sasa nimeulizwa miaka na watu ninaowajua kwa majina, na ndio mara ya kwanza nimeogopa tarakimu.

Mjomba, ingekuwa nchi ya mvua, ingesafishika. Kwetu jua linakunywa kuliko mawingu yanavyomimina. Hata tundu likizibwa vizuri, chumvi iliyokwisha kuingia kwenye mchanga wa juu itakaa. Si mitatu, si mitano. Si katika uhai wako wala wangu. Huenda wala wa wajukuu. Wasisubiri. Wakisubiri nitakuwa nimewadanganya mara ya pili.

Sina ushauri mwingine. Nimesomea jinsi mabonde yanavyojaa, hakuna mahali walipotufundisha kurudisha kitu mahali pake. Nimejaribu kufikiria cha kuwatumia, nikakuta nina vitabu, na lile koti la baridi, na kamba.

Wasomee barua hii mkutanoni. Yote. Sitaki ubebe peke yako. Waambie hivi, nakuandikia wazi ili usiseme hukuona: mimi Elieth niliisoma kamba kichwa chini kwa sababu sikuuliza, na nikaandika "nina uhakika" wakati sikuwa nao. Kosa ni langu.

Nitakuja Desemba.

Elieth

*

Chilolwa, 19 Mei 2024

Mpwa wangu,

Marahaba. Mama yako mzima. Amesema uinuke usichafue nguo, kama ulivyojua. Jana ameng'oa mizabibu iliyobaki, amepanda mtama mahali pale. Mtama ni mkaidi, tuone. Mbuzi wako wawili wapo. Uwele tumevuna magunia manne.

Barua nimeisoma mkutanoni leo baada ya ibada. Nilisimama penye ule ubao. Nimesoma habari za maktaba, nimesoma habari za jua kunywa kuliko mawingu, nimesoma pale pa wajukuu. Sikupunguza. Pale tu ulipoandika jina lako na kosa lako, nilipafikia nikageuza ukurasa. Karatasi ilikuwa mkononi mwangu na kiziwi hasahihishwi. Mama yako aliniangalia. Yeye alikuwa ameisoma kabla yangu. Akatazama chini.

Niliposhusha karatasi watu walianza kusema, wengi kwa pamoja. Wengine walisimama. Yule mzee wa hadithi alininyooshea kidole muda mrefu, shingo imemtoka mishipa. Hakuna aliyekwenda ubaoni kuniandikia. Tangu masikio yangu yafe nimemnung'unikia Mungu kila siku, leo nilimshukuru.

Baadaye waliondoka na madumu yao kufuata maji, maana jua lilikuwa linapanda.

Desemba njoo, usiache. Kamba uje nayo, irudi juu ya mlango. Nitaifungia kibao upande wa mchanga safi niandike JUU. Na nikuombe kitu kimoja, nacho usinibishie, mimi ni mjomba wako. Watakupokea vizuri, watakuita mtaalamu wao, watakuuliza habari za barafu. Wasalimie mmoja mmoja, ucheke nao. Usiwaombe radhi. Hawajui.

Methusela